Maporomoko ya Adamson Katika Mto Tana: Namna ya Kuyatazama na Kurudi Nyumbani Salama

Wasomaji wetu wengi, na hasa walimu, hutamani kuwaonyesha vijana wao mambo makubwa ya nchi kwa macho, wasiyajue kwa vitabu peke yake. Tamaa hiyo ni njema, nasi twaisifu. Lakini ziko sehemu za nchi ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya wageni. Usitazamie kukuta huko ngazi za kushukia, wala ukuta wa kuwazuia watu, wala mlinzi wa kukuonya. Aendaye mahali kama hapo hana budi kuuchukua ulinzi wake kichwani mwake mwenyewe.

Leo twataka kueleza habari za mahali pamoja pa namna hiyo, yaani Maporomoko ya Adamson katika mto Tana, nchini Kenya. Na ayajuaye haya ya Tana ataweza kujihadhari katika kila mto wenye maji ya kasi, hata ule mdogo upitao nyuma ya shule yake.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Maana ya maneno yetu yote ya leo imo katika methali hiyo. Maji ya kasi huua watu si kwa sababu watu ni waoga au wajasiri, bali kwa sababu macho huona sehemu ndogo tu ya hatari, na kubwa hubaki chini ya povu. Kwa hiyo usalama wa mtu hauamuliwi wakati anapoteleza. Huamuliwa kabla, kwa maswali aliyouliza na kwa mahali alipochagua kusimama.

MAHALI PENYEWE

Mto Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Maji yake hutoka katika milima ya Aberdare na mlima Kenya, yakazunguka nchi ya mashariki, yakapita Garissa na nchi ya Wapokomo, yakaingia bahari ya Hindi. Katika safari hiyo, baada ya kutoka nchi ya juu na kabla ya kufika tambarare, mto hupita kati ya Mbuga ya Taifa ya Meru, iliyo upande wa kaskazini, na Mbuga ya Taifa ya Kora, iliyo upande wa kusini. Hapo ndipo yalipo maporomoko tunayoyataja. Upande wa Kora yako pia maji mengine ya kasi katika mto huo huo, yaitwayo Maporomoko ya Kora.

Jina la Adamson ni la Bwana George Adamson, aliyeanza kazi katika idara ya wanyama ya Kenya mwaka 1938, akawa Bwana Nyama, kama wakuu wa kazi hiyo walivyoitwa zamani. Ndiye yule ambaye yeye na mkewe Joy walimlea simba jike Elsa. Mwaka 1970 alihamia Kora, akaishi huko na simba wake mpaka alipouawa na majambazi wenye bunduki, tarehe 20 Agosti 1989.

Nchi ile ni kavu na yenye joto kali. Ukitoka vichakani unaona kwanza mstari wa kijani wa mikoche na miti mingine ifuatayo mto, kisha unasikia sauti ya maji kabla ya kuyaona. Mto mpana uliokuwa ukienda polepole hufika penye majabali, ukagawanyika, ukapenya kati ya mawe makubwa ambayo maji yameyachonga kwa miaka mingi kama fundi achongavyo mbao. Karibu na hapo liko daraja linaloziunganisha mbuga hizo mbili.

KWA NINI MAJI HAYO HUYADANGANYA MACHO

Mtu aliyepata kuona Maporomoko ya Thomson huko Nyahururu anajua jinsi maji yanavyoanguka mara moja, urefu wa mita 74, mpaka chini. Hapo hata mtoto mdogo hurudi nyuma, kwa kuwa anaiona hatari kwa macho. Lakini maporomoko ya Adamson si ya namna hiyo. Maji yake hushuka kidogo kidogo kati ya majabali, na mtu husema moyoni, "Hapa napaweza." Ndiyo sababu maji ya namna hii yafaa kuogopwa zaidi.

Kwanza, tufikiri habari ya nguvu. Tuseme pana mfereji kati ya mawe mawili, upana wake mita 1, kina chake nusu mita tu, yaani kama kimo cha goti la mtu mzima. Tuseme maji yanakwenda mita 2 kwa kila sekunde, kama mtu atembeaye kwa haraka sana. Mwalimu akiwapa watoto wa shule hesabu hii wataona kwamba kila sekunde hupita hapo lita 1,000 za maji, na uzito wake ni kilo 1,000. Ni kama madebe 50 ya lita ishirini, yote yakipita katika nafasi ile kwa sekunde moja, na sekunde ifuatayo mengine 50. Basi mtu aingiaye humo asishangae miguu yake ikiondolewa. Tena, kasi ya maji ikizidi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma haizidi mara mbili tu, bali mara nne.

Pili, povu. Watu hudhani maji meupe ni mepesi, na hayana kina. Weupe ule ni hewa iliyochanganyika na maji, na maji yenye hewa nyingi hayamwinui mtu vizuri. Hata mwogeleaji hodari huzama zaidi humo, na mikono yake haipati kitu cha kushika.

Tatu, maji yarudiyo. Maji yaangukapo kutoka juu ya ngazi ya jiwe hupiga chini, kisha yale ya juu hurudi nyuma kuelekea palipo maporomoko. Tupa kijiti hapo utaona. Hakiendi na mto, bali hurudi, hupigwa chini, huibuka, na kurudi tena, labda kwa muda mrefu. Mtu naye hushikwa hivyo hivyo, ingawa kwa macho ngazi yenyewe ni ndogo, haipiti kimo cha meza.

Nne, mawe na miti iliyo chini. Mguu wa mtu ajaribuye kusimama katika maji ya kasi huweza kuingia katika ufa kati ya mawe mawili. Mguu ukishikwa, maji humlaza na kumkandamiza, naye hawezi kuinuka hata kama kina chake hakifiki kiunoni. Na mti ulioangukia mtoni ni kama chujio la chai. Maji hupita, mtu hubaki, akibanwa kwenye matawi.

Tano, na hili husahauliwa na wengi: mahali pa hatari kuliko pote si penye kelele. Ni pale juu kidogo ya maporomoko, ambapo maji yametulia, yanang'aa, na yanamwalika mtu kuosha uso au kujaza mtungi. Maji hayo yanaonekana kulala, kumbe yako safarini. Atelezaye chini ya maporomoko labda atachukuliwa mpaka maji ya polepole. Atelezaye juu hupelekwa moja kwa moja kati ya majabali.

MTO HUWEZA KUPANDA BILA MVUA

Mgeni huitazama mbingu, akaona hapana wingu, akasema mto hautajaa leo. Hilo ni kosa. Maji ya Tana hayatokani na mvua inayonyesha pale mtu aliposimama. Hutoka milimani, mbali sana. Mvua ya jana usiku katika mlima Kenya huweza kufika kwako leo, nawe u juani, umekaa juu ya jiwe kavu.

Wengine husema, "Siku hizi yako mabwawa, nayo huyazuia maji." Ni kweli kwamba katika Tana ya juu kuna mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La Kindaruma lilikuwa la kwanza, mwaka 1968, na la Kiambere lilianza kazi mwaka 1988. Lakini mambo mawili yafaa yakumbukwe. Kwanza, bwawa likijaa halina budi kumwaga maji, na hayo huteremka kwa wingi. Pili, mito mingine itokayo mlima Kenya, kama Mutonga na Kathita, huingia Tana chini ya mabwawa hayo yote, wala haizuiwi nayo. Wananchi wa Garissa na wa Tana River wanajua uchungu wa jambo hili. Katika masika ya mwaka 2024 mafuriko ya Tana yalikata barabara na kuwaondoa watu majumbani mwao, na mwezi wa Aprili mwaka huo mashua iliyokuwa ikiwavusha watu katika maji hayo ilipinduka, watu wakafa.

Basi ziko dalili ambazo mtu aweza kuziangalia. Ufikapo, chomeka kijiti kwenye mchanga hasa pale maji yanapogusa ukingo, ukitazame kila baada ya dakika chache. Kijiti kikianza kuzungukwa na maji, mto unapanda. Maji yakigeuka kuwa mekundu au ya udongo zaidi kuliko ulivyoyakuta, yakileta majani, vijiti na povu la rangi ya kahawa, au sauti ya mto ikibadilika na kuwa nzito, usingoje dalili nyingine. Waite watu wako wote, mpande juu. Wala msisimame kwenye jiwe la katikati ya mto, hata kama mlilifikia kwa miguu mikavu, kwa maana njia ya kurudia ndiyo huzama kwanza.

Miezi iliyo bora kwa safari ni ya kiangazi, kama Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, na wa mvua za vuli, Oktoba mpaka Desemba, yafaa kungoja. Maporomoko yalikuwako kabla yetu, wala hayatakimbia.

KABLA YA KUONDOKA

Tahadhari kabla ya hatari. Mahali hapa pamo ndani ya mbuga za wanyama, kwa hiyo hapaendwi kwa kujipenyeza. Mgeni hupitia lango la mbuga, kama lile la Murera upande wa Meru, akalipa ada yake na kueleza aendako. Hapo awaulize askari wa wanyama maswali matatu: Mto una hali gani juma hili? Njia inapitika? Na askari mmoja aweza kufuatana nasi? Swali la tatu lina maana kuliko yote, kwa sababu mtu azoeaye mahali huona jambo ambalo mgeni halioni.

Kabla hamjatoka nyumbani, andikeni karatasi mbili zenye majina ya wote wanaokwenda, njia mtakayoifuata, siku na saa ya kurudi. Moja apewe chifu au mwalimu mkuu, na ya pili ibaki langoni. Tena semeni waziwazi: "Tusipoonekana saa fulani, mwanze kututafuta." Msiitegemee simu ya mkononi, kwa kuwa mahali pengi porini haishiki.

Vitu vya kuchukua ni hivi: maji ya kunywa ya kutosha kila mtu kwa siku nzima, chakula, viatu vyenye soli isiyoteleza, kofia, filimbi, dawa na vitambaa vya kufungia majeraha, na kamba imara inayoelea, urefu usiopungua mita 15. Mwisho wa kamba fungeni mtungi wa plastiki mtupu uliozibwa vizuri, ili iweze kutupwa mbali na kuonekana majini. Jaketi la kuokolea maisha ni jema kwa kila mtu atakayekaribia ukingo, lakini mvaaji asidhani limempa ruhusa ya kuingia mtoni.

UKIWA UKINGONI

Jambo la kwanza ni kuweka mpaka. Mkubwa wa safari atangulie peke yake na askari, achague mahali pa juu, pakavu na patambarare, ambapo maporomoko yanaonekana vizuri. Halafu aonyeshe mpaka kwa kitu kinachoonekana, kama mti fulani au mstari wa mawe, aseme, "Hapana apitaye hapa." Mpaka usioonekana si mpaka, hasa kwa watoto.

Jambo la pili ni kuyasoma mawe. Jiwe kavu lenye kukwaruza hushika kiatu. Jiwe linalong'aa, au lenye utelezi wa kijani, ni mwisho wa njia, hata kama maji hayaligusi kwa wakati ule. Ung'avu wake ni alama kwamba mto hufika hapo. Katika majabali kama haya yako pia mashimo ya mviringo, yaliyochimbwa na mawe madogo yaliyozungushwa na maji. Shimo likiwa na maji huonekana kama kidimbwi cha kuchezea, lakini kando zake ni laini kama bakuli, na aliyeingia huenda asipate pa kushika ili atoke.

Jambo la tatu ni picha. Siku hizi kila kijana ana simu yenye kupiga picha, na ajipigaye picha huyapa maporomoko mgongo, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Amri iwe kwamba apigwaye picha asimame ndani ya mpaka, miguu isiondoke, na mwingine ndiye apige.

Jambo la nne ni saa. Fikeni asubuhi jua likiwa limekwisha kupanda, na mwondoke mapema alasiri. Hapana mtu wa kubaki mtoni jioni.

WANYAMA NA MARADHI

Maji ya Tana yana mamba na viboko. Mamba hapendi kukaa penye maji yaendayo kwa nguvu. Hulala katika maji yaliyotulia, nayo yako juu na chini ya maporomoko, yaani hasa pale ambapo mtu hudhani ni mahali pema pa kuoga. Haonekani, na hangoji. Kwa hiyo mtu asiogelee, asivuke kwa miguu, wala asiiname ukingoni kuteka maji. Ikibidi kuteka, tumieni chombo kilichofungwa kwenye kamba au mti mrefu. Kiboko naye hutoka majini jioni kula nyasi na kurudi alfajiri. Mtu asisimame kati yake na maji, wala asifuate vijia vyake vichakani. Tembo na nyati hushuka mtoni kunywa, kwa hiyo askari atangulie, na watu wasitawanyike.

Habari ya maradhi ni fupi. Maji ya mto yasinywewe bila kuchemshwa. Ugonjwa wa kichocho huletwa na konokono wakaao katika maji ya polepole yenye majani, basi sababu ya pili ya kutokuoga ni hiyo. Nchi za chini zenye mito huwa na mbu wa malaria, kwa hiyo walalao huko wachukue vyandarua.

MTU AKITUMBUKIA

Tutoe mfano. Tuseme mwalimu amekwenda na wanafunzi ishirini. Mmoja amepita mpaka ili aoshe mikono, ameteleza, maji yamemchukua. Rafiki yake anampenda, anajua kuogelea, na anaona mkono wa mwenzake ukiinuka katika povu. Atafanya nini? Akimsikiliza moyo, ataruka. Na akiruka, mara nyingi mwalimu atakuwa na watoto wawili majini badala ya mmoja, wala hatapata hata mmoja. Si kwamba kijana yule ni mjinga. Ni mwema. Lakini wema usiofundishwa hufa pamoja na yule uliotaka kumwokoa. Ndiyo sababu mafundisho haya hayana budi kutolewa shuleni kabla ya safari, tena yafanyiwe mazoezi katika uwanja mkavu, kamba ikitupwa na kushikwa, mpaka kila mtoto ajue kazi yake.

Utaratibu ni huu. Kwanza, pigeni kelele na filimbi, na mmoja amwonyeshe kwa kidole aliyechukuliwa, asimwache kwa macho hata kidogo. Pili, mnyooshee mti mrefu, huku wewe umelala kifudifudi juu ya jiwe kavu na mwingine amekushika miguu. Tatu, ikiwa yuko mbali, mtupie kamba yenye mtungi, ipite juu yake, aishike. Mshika kamba asijifungie kiunoni wala asiizungushe mkononi, maana mto utawavuta wote wawili. Aketi chini, akaze miguu kwenye jiwe, na kumwacha mtu aletwe na mkondo mpaka ukingoni. Nne, kuingia majini si kazi ya mtu asiyefundishwa. Kwa hiyo, tangu mwanzo wa ziara, watu wawili wenye kamba na wakae upande wa chini wa mahali watazamiapo wengine, kwa sababu mto humleta mtu chini, haumrudishi juu.

Na yule aliyechukuliwa afanye nini? Asijaribu kusimama. Alale chali, miguu mbele kuelekea mto uendako, vidole vya miguu juu ya maji, ili miguu ipige mawe kabla ya kichwa. Apumue anapoibuka, asipumue ndani ya povu. Apige mikono kwa mshazari kuelekea ukingoni, asishindane na mkondo uso kwa uso. Akiona mti ulioanguka mbele yake na hana njia ya kuukwepa, ageuke tumbo chini, auogelee kwa nguvu na kujirusha juu yake, asikubali kupelekwa chini ya matawi. Asimame tu atakapofika maji ya polepole yasiyofika magotini.

AKISHATOLEWA MAJINI

Mtu aliyetolewa hali hapumui asiinuliwe miguu juu, wala asikandamizwe tumbo ili maji yatoke, kama wengi walivyozoea. Kufanya hivyo ni kupoteza dakika zenye thamani. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu ili njia ya pumzi ifunguke, ziba pua, umpulizie pumzi chache kinywani mpaka kifua kiinuke. Asiposhtuka wala kupumua, weka mikono katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu na haraka mara 30, kisha pumzi 2, kisha tena 30, bila kuacha, mpaka apumue au msaada ufike. Mwendo wa kukandamiza ni kama mara 100 hadi 120 kwa dakika moja. Akizinduka, mlaze kwa ubavu, mwondoe nguo zilizolowa, mfunike. Na hata akisema amepona, apelekwe hospitali siku ile ile, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni huweza kumdhuru saa kadhaa baadaye.

NENO LA MWISHO KWA MACHIFU NA WALIMU

Huenda msomaji mmoja atasema, "Kwa hatari hizi zote, afadhali tusiende." Hilo silo kusudi letu. Mahali kama Maporomoko ya Adamson humfundisha kijana mambo ambayo darasa haliwezi: jinsi maji yanavyochonga jiwe, jinsi mlima wa mbali unavyolisha nchi kavu, na jinsi umeme wa mjini na mtumbwi wa Mpokomo vinavyotegemea mto ule ule. Twataka watu waende, waone, tena warudi wote.

Chifu aweza kusaidia kwa njia iliyo rahisi. Katika baraza lake awaulize wazee, wavuvi na wachungaji ni wapi mtoni mwao watu wamepata kufa, na maji yalikuwa na hali gani siku hiyo. Habari hizo zimo vichwani mwa wazee, na mara nyingi huzikwa pamoja nao. Ziandikwe katika daftari, na mahali hapo pawekwe alama. Mwalimu naye achukue daftari hilo darasani, awafundishe watoto mto wao wenyewe kabla ya kuwapeleka kwenye mto wa mbali.

Na siku ya safari, mkubwa wa msafara ahesabu watu wake mara tatu: wakitoka kwenye gari, wakiondoka ukingoni, na wakirudi langoni. Hesabu zikiwa sawa zote tatu, ndipo aseme kwamba ameyaona maporomoko vema.